Neno Lililozaliwa Kiptere

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nyabate alichuma chai pamoja na mama yake mpaka saa moja kasorobo. Shamba lao lilikuwa dogo, nje kidogo ya soko la Kiptere, lakini lilitosha kabisa kumharibia asubuhi. Umande ulimlowesha mpaka magotini. Vidole vilikufa ganzi. Kikapu kilimvuta mgongo. Kwa msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa na mikono myepesi sana, ila mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi, na hakuna jani alilolichuma bila kulinung'unikia.

"Majani mawili na kichipukizi," mama yake, Bilhah, alimkumbusha kutoka mstari wa pili. "Naona unanitilia mabua humo."

"Mama, kuna ukungu! Nitaonaje?"

"Ukungu huo huo uko na huku, na mimi sichumi mabua."

Nyabate alibetua midomo, akachagua mabua matatu, akayatupa chini. Alikuwa mtoto mwerevu. Hilo kila mtu alilijua, na yeye mwenyewe alilijua kuliko wote, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Alikuwa na tabia moja ya kuudhi: akipewa kazi ndefu, kwanza alitafuta njia ya mkato, kisha alitafuta sababu ya kusema kwamba njia hiyo ndiyo bora.

Jumatatu moja Mwalimu Muriuki, mwalimu wa Kiingereza wa Gredi ya Saba, aliingia darasani na kofia yake imejaa vikaratasi. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa Nyeri aliyekaa Kericho miaka mingi, na hakuna kitu alichokipenda kama maneno. Aliwaambia wanafunzi kwamba ndani ya kila kikaratasi kulikuwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza, cha kawaida kabisa, cha kutumiwa kila siku.

"Mnafikiri mnavijua," alisema. "Hamvijui! Kila mmoja ataniandikia maana zote za kitenzi chake. Halafu ataniandikia asili yake. Kilitoka lugha gani? Mwanzoni kilimaanisha nini? Ijumaa mtasoma mbele ya darasa. Atakayefanya vizuri kuliko wote atatuwakilisha katika Maonyesho ya Lugha ya kaunti, mjini Kericho. Nafasi ni moja tu."

Darasa zima likavuta pumzi. Shule yao haikuwa imewahi kupeleka mtu kwenye maonyesho hayo. Nyabate akajiona tayari amesimama mjini, kipaza sauti mkononi, watu wa kaunti nzima wakimtazama. Akachomoa kikaratasi, akakikunjua, na uso ukamsawijika.

"'Pluck'!" alilia. "Mwalimu, hii ni kuchuma! Asubuhi nimetoka kuchuma, jioni narudi kuchuma, na sasa hata Kiingereza kinanichumisha?"

Wenzake waliangua kicheko. Mwalimu Muriuki alikataa kumbadilishia. Karibu naye, rafiki yake Chepkurui, msichana mpole asiyependa kelele, alikunjua kikaratasi chake akakuta 'cut', yaani kukata. Alikiweka ndani ya daftari na kuendelea kusikiliza.

Maana hazikuwa na shida. Kamusi ndogo ya darasani ilimwambia Nyabate kwamba 'pluck' ni kuchuma majani au maua, ni kunyonyoa manyoya ya kuku, ni kung'oa nyusi, na tena ni kucharaza nyuzi za gitaa. Shida ilikuwa asili. Kamusi ile haikusema lolote juu ya asili. Iliyosema ni ile kubwa, nene kama tofali, iliyokuwa katika maktaba ya shule ya sekondari juu ya kilima, na maktaba hiyo iliwafungulia watoto wa nje Jumatano alasiri tu.

Jumatano ikafika, na saa tisa mvua ikaanza, kama ilivyo desturi ya mvua ya Kericho kuanza pale tu mtu anapotaka kwenda mahali. Chepkurui alijifunika gunia la nailoni kichwani.

"Twende," alisema.

Nyabate akaitazama ile njia ya kilimani. Ilikuwa tope tupu. "Wewe nenda. Uniangalizie na langu."

"Mwalimu amesema kila mtu atafute neno lake."

"Jameni, Chepkurui! Kwani 'pluck' itakuuma? Ni neno moja tu."

"Kama ni neno moja tu, si uje?" Chepkurui alimjibu, akashika njia. Nyabate alimwona akipanda kilima, mguu mmoja mbele, mwingine ukiteleza nyuma. Akaguna, akaenda zake nyumbani.

Alhamisi jioni alikaa mezani na karatasi yake. Maana alikuwa ameziandika kwa mwandiko mzuri. Chini yake kulikuwa na neno 'Asili', na chini ya neno hilo hakukuwa na kitu. Alilitazama pengo lile mpaka akalichukia. Alimkasirikia mwalimu, akaikasirikia mvua, akamkasirikia na mtu aliyejenga maktaba juu ya kilima wakati tambarare ipo. Kujikasirikia mwenyewe hakukumjia hata kidogo.

Basi akaanza kutunga. Aliandika kwamba zamani Waingereza walipoleta chai Kericho, hawakuwa na jina la kazi ya kuichuma. Wachumaji wa kwanza walikuwa watu wa Kiptere. Walipovunja kichipukizi, kilitoa sauti, plak! Waingereza wakasikiliza: plak, plak, plak, shamba zima. Wakasema, "Hilo ndilo jina la kazi hii," wakalipeleka kwao Uingereza kwa meli. Alipoisoma tena aliiona tamu, akazidi kutia chumvi. Mwishoni akaandika: 'Haya nimeelezwa na mzee mmoja wa Kiptere aliyeyasikia kwa baba yake.'

Ijumaa walisoma. Chepkurui alipoitwa, alisoma maana kumi na mbili za 'cut', moja baada ya nyingine, kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Asili yake haijulikani kwa hakika. Nimesoma kamusi mbili. Zinasema huenda lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, lakini ushahidi hautoshi."

Wanafunzi wa nyuma walicheka. Mwalimu Muriuki alikunja uso.

"Chepkurui, mimi nimekutuma utafute. Sikukutuma urudi kuniambia halijulikani. Neno linalosemwa kila siku lisijulikane? Hujamaliza kazi yako. Keti."

Chepkurui akaketi, macho kwenye dawati. Nyabate akasimama, akasoma. Alipofika kwenye plak, plak, plak, alivunja kichipukizi cha hewani kwa vidole, na darasa zima likaanza kuvunja pamoja naye. Alipomaliza, makofi yalisikika mpaka darasa la jirani. Mwalimu Muriuki alikuwa amesimama, macho yamemtoka kwa furaha.

"Kiptere!" alisema. "Neno la Kiingereza limezaliwa hapa hapa Kiptere! Kumbe! Nyabate, wewe ndiwe utakayekwenda mjini. Jina lako nitalipeleka Jumanne, siku ya mwisho."

Wakati wa mapumziko Chepkurui alimfuata nyuma ya tangi la maji.

"Jumatano hukuja maktaba. Hayo umeyasoma wapi?"

"Sikusoma. Kuna mzee aliniambia."

"Mzee gani?"

"Mzee tu! Lazima uwajue wazee wote?"

Chepkurui alimkodolea macho. Machozi yalikuwa karibu, na hasira ilikuwa karibu zaidi. "Nyabate, mimi nilinyeshewa," alisema. "Nimepanda kilima, nimesoma kamusi mbili, nimeandika nilichokikuta. Sasa naonekana mvivu." Akamwacha amesimama pale. Tangu siku hiyo akahamia dawati lingine, na Nyabate akasema moyoni kwamba hajali. Alijali sana.

Sasa wewe unayesoma huenda unafikiri kwamba uongo ule ulibaki darasani. Ungebaki wapi! Ijumaa hiyo hiyo mwalimu mkuu aliusikia, akaupenda, akaagiza uandikwe kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa lango: HAPA NDIPO LILIPOZALIWA NENO 'PLUCK'. Jumamosi asubuhi Nyabate alipompelekea baba yake chai ya kunywa kituoni, mahali wakulima wanapopeleka majani kupimwa, hadithi ilikuwa imemtangulia.

Karani wa kituo, Kipngetich, alikuwa ameacha mizani akawa anasimulia, mikono hewani. "Plak! Plak! Mzungu amesimama hivi, ametega sikio!" Alipomwona Nyabate alipiga kelele, "Ndiye huyu! Profesa wetu! Hebu tuambie, ni mzee gani huyo aliyekueleza?"

"Si… si hivyo hasa," Nyabate alianza.

"Ni babu yangu!" mama mmoja alidakia. "Yeye alikuwa mchumaji wa kwanza kabisa."

"Babu yako alikuwa mchunga ng'ombe," mwingine akamjibu. "Ni wetu!"

"Hapana, sikilizeni, mimi nilikuwa nataka kusema…"

"Nyamaza kidogo, mtoto, wakubwa wanaongea."

Wakabishana juu ya mzee ambaye hakuwahi kuzaliwa. Baba yake Nyabate, Onchiri, mtu asiyependa mabishano hata ya mpira, naye akaingia. Akashikilia kwamba lazima awe mzee aliyekuwa akiishi karibu na daraja, kwa sababu alizoea kuzungumza na watoto. Nyabate alisimama katikati yao akitaka kulia kwa hasira. Kusema uongo kulimchukua dakika kumi. Kusema ukweli alijaribu mara mbili, na mara zote mbili walimnyamazisha!

Jumapili mama yake alirudi kutoka kanisani akakamata jogoo. Huyo hakuwa jogoo wa kuchinjwa hivi hivi. Alikuwa amewekewa Krismasi.

"Leo tunakula kwa sababu yako," Bilhah alisema huku akiweka karai la maji ya moto uani. "Haya, keti hapa uninyonyolee."

Nyabate aliketi kwenye kigoda, akaanza kung'oa manyoya shingo upande. Mama yake aliketi karibu akimenya vitunguu. Bilhah hakujua Kiingereza kingi, lakini alitaka kujua neno lililompa mtoto wake heshima hiyo yote.

"Hebu niambie tena. Hilo neno maana yake ni kuchuma tu?"

"Zipo nyingine, Mama. Kung'oa nyusi. Kucharaza gitaa. Na hii." Akainua unyoya. "Kunyonyoa kuku."

Bilhah aliacha kumenya. "Hata kunyonyoa kuku ni neno hilo hilo?"

"Ndiyo."

"Na neno walilipata hapa Kiptere, walipoleta chai."

"Ndiyo, Mama."

"Basi kabla ya hapo, hao Waingereza huko kwao walikuwa wanakula kuku na manyoya yake?"

Hakuwa anamtega. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nyabate alihisi masikio yakimwaka moto. Kamusi nene ya kilimani, mwalimu wa Kiingereza, mwalimu mkuu na ukuta wake wa buluu, wote hao walikuwepo, na aliyeuona ule ufa alikuwa mama yake aliye na kisu cha vitunguu mkononi.

"Labda walikuwa na neno lingine," alisema kwa sauti iliyokauka.

"Labda," Bilhah alisema, akarudia vitunguu vyake.

Saa ya kula, wote waliketi: Onchiri, Bilhah, Nyabate na kaka yake Sagini. Katika nyumba hiyo firigisi ya kuku ilikuwa ya baba. Haikujadiliwa. Mwaka uliotangulia Sagini aliidokoa sufuriani, na mpaka leo habari yake husimuliwa wageni wakija. Kwa hiyo Onchiri alipoichukua firigisi kwa vidole vyake, akanyoosha mkono juu ya meza na kuiweka kwenye sahani ya Nyabate, hata Sagini aliacha kutafuna.

"Mimi sikumaliza shule," Onchiri alisema. "Baba yangu hakuiona kabisa. Wewe ndiwe wa kwanza katika ukoo wetu kuitwa na kaunti kwa ajili ya kichwa chako. Kula, mwanangu."

Nyabate aliitazama firigisi. Ilikuwa ndogo, imeiva vizuri, imekolea kitunguu. Angeweza kuvumilia ukuta. Angeweza hata kumvumilia Kipngetich na mikono yake. Hii hakuiweza.

"Baba, nimedanganya," alisema, na machozi yakamtoka. "Hakuna mzee. Sikwenda maktaba. Ilikuwa inanyesha, nikaona uvivu, nikatunga yote. Chepkurui ndiye aliyefanya kazi. Nafasi ni yake."

Onchiri aliifuta mikono yake polepole.

"Hakuna mzee," alirudia.

"Hakuna, Baba."

"Na mimi jana nimesimama kituoni saa nzima, nimebishana na wanawake wa watu, nimeapa kwamba ni mzee wa darajani!" Sauti ilimpanda. "Nimeapa, Nyabate! Wewe ulikuwa umesimama pale pale!"

"Nilitaka kusema, Baba, mkaninyamazisha."

"Ungepiga kelele! Kwenye chai unajua kupiga kelele kila asubuhi, siku ya ukweli sauti imekuishia?"

Bilhah alimtazama mtoto wake bila ukali, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Na huyo mwenzako," aliuliza, "tangu Ijumaa anajua kwamba unamdanganya?"

Nyabate alitikisa kichwa kukubali.

"Kesho kabla ya kengele utamwambia mwalimu wako," Onchiri alisema. "Mimi nitakufikisha langoni. Ndani utaingia mwenyewe, kwa sababu hata kwenye uongo uliingia mwenyewe."

Firigisi ile ilibaki kwenye sahani. Sagini aliitupia jicho mara mbili lakini hakuthubutu.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Muriuki alikuwa ofisini akiandaa bango la maonyesho, kalamu za rangi zimetapakaa mezani. Nyabate alisimama mlangoni akasema yote kwa mkupuo mmoja ili asipate nafasi ya kurudi nyuma. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nyabate! Ukuta umepakwa rangi! Mwalimu mkuu amewaambia wazazi! Mimi nimempigia simu ndugu yangu Nyeri kumringia!" Akazunguka meza, akarudi, akazunguka tena. "Hata sijui nianze kukugombeza wapi."

"Mama aliuliza kama Waingereza walikuwa wanakula kuku na manyoya," Nyabate alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu Muriuki alisimama ghafla. Kisha akachukua simu yake akatoka mbio kwenda kwenye kona ya uwanja, karibu na tangi, mahali pekee pa shule penye mtandao. Nyabate alimfuata. Mwalimu alinyanyua simu juu, akaishusha, akasoma kimya, midomo ikitembea.

"Neno hili ni la Kiingereza cha kale," alisema hatimaye. "Lina takriban miaka elfu moja. Chai ya Kericho haina hata miaka mia na hamsini. Na kabla ya hapo, wataalamu wengi wanadhani lilitoka Kilatini, kwenye neno la kung'oa nywele. Wanadhani. Hawana hakika." Aliguna. "Dakika tatu! Ningetafuta kwa dakika tatu tu, ningejua. Lakini nililipenda jibu lako, sikutaka kulikagua."

Kisha uso wake ukabadilika. Akaandika tena kwenye simu, akangoja, akasoma.

"'Cut'," alisema. "Asili haijulikani kwa hakika. Huenda kaskazini mwa Ulaya." Akaishusha simu. "Neno kwa neno, kama alivyosema. Nami nikamwambia hajamaliza kazi."

Kengele ilipolia, Nyabate alisimama mbele ya darasa akarudia aliyoyasema ofisini. Ilikuwa vigumu mara mbili zaidi, maana waliompigia makofi ndio waliomtazama sasa. Alipomaliza, Mwalimu Muriuki alisimama kando yake.

"Chepkurui," alisema, "Ijumaa nilikukosea mbele ya watu, na leo nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Kesho nitapeleka jina lako. Utakubali?"

Chepkurui hakutabasamu. Alimtazama mwalimu, akamtazama Nyabate, kisha akasema, "Nitakwenda." Alifikiri kidogo. "Nitahitaji mtu wa kunishikia bango. Nyabate anishikie. Lakini asiseme neno!"

Darasa lilicheka, na hata Nyabate, macho mekundu, alicheka kidogo.

Adhabu yake ilikuwa ukuta. Siku tatu baada ya masomo alisimama langoni na brashi akiyafunika maandishi ya buluu kwa chokaa. Kupaka hakukumchosha. Kilichomchosha ni wapita njia. Kila mmoja alitaka kujua kwa nini maneno mazuri hivyo yanafutwa, na kila mmoja alielezwa upya tangu mwanzo. Kipngetich alizima pikipiki yake kabisa ili asikilize vizuri.

"Aii, mtoto, lakini hadithi ilikuwa tamu!" alilalamika. "Tungeiacha tu. Nani angejua?"

"Mama yangu," Nyabate alisema, akachovya brashi.

Alhamisi mbili baadaye, ukumbi wa maonyesho mjini Kericho ulijaa watoto wa shule kutoka pande zote za kaunti. Mmoja aliimba asili ya neno lake. Mwingine alileta picha za wafalme. Chepkurui alisimama na sauti yake ndogo, Nyabate kando yake ameshika bango kwa mikono miwili na mdomo ameufunga kama alivyoagizwa. Maana kumi na mbili zilisomwa, kisha ukasomwa ule mstari wa asili. Jaji mmoja, mwanamke wa miwani minene, akainamia kipaza sauti.

"Haijulikani? Wenzako wote wameleta majibu. Kwa nini wewe hukutafuta jibu?"

Nyabate alilikaza bango. Alimwona rafiki yake akimeza mate, na kwa dakika hiyo alitamani kujibu yeye, kwa sababu maneno yalimjaa mdomoni. Akauma midomo, akanyamaza.

"Nililitafuta," Chepkurui alisema. "Nilisoma kamusi mbili, kisha baadaye nikasoma ya tatu. Zote zimefika mahali pamoja zikasimama. Nami nimesimama hapo hapo. Hilo ndilo jibu."

Jaji alivua miwani, akamtazama, akaandika kitu. Akaanza kupiga makofi yeye mwenyewe kabla ya wengine.

Chepkurui alipata nafasi ya pili. Nje ya ukumbi, wakisubiri gari la shule, alimwambia Nyabate kwamba bado amekasirika kidogo, ila yeye anaweza kurudi Jumatatu kwenye dawati lao la zamani kama mwenzake hatamsumbua. Nyabate aliapa kwamba hatamsumbua. Chepkurui akasema kuapa huko tayari ni kumsumbua, akaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Mwalimu Muriuki, aliyekuwa amesimama karibu, aligeuka.

"Unajua ni nini kilichoniudhi kuliko yote?" alimuuliza Nyabate. "Kazi yako ilikuwa nzuri mpaka mahali ulipokwama. Maana zote zilikuwa sahihi. Ungeandika 'sijafika maktaba', ningekupa wiki nyingine. Ungeandika 'sijui', ningekusaidia kutafuta. Lakini ulipoficha pengo lako, ulinifungia mlango wa kukufundisha. Na mimi nilipomkemea aliyesema 'haijulikani', niliwafundisha nyote kuficha. Makosa hayo ni yetu sisi wawili, wewe na mimi." Akaweka mkono begani pake. "Mtu anayesema 'sijui' pale asipojua, siku atakaposema 'najua', watu watamwamini bila kuuliza mzee yeyote."

"Ndiyo, Mwalimu," Nyabate alisema.

"Sasa niambie. Asili ya 'pluck' ni nini?"

Nyabate alivuta pumzi. Jumatano mbili mfululizo alikuwa amepanda kile kilima, zote kwa mvua. "Ni Kiingereza cha kale. Na kabla ya hapo huenda ni Kilatini, kung'oa nywele." Akafikiri, kisha akaongeza kwa uso wa mtu aliyechoshwa na wataalamu wote wa dunia, "Huenda, Mwalimu. Nimesoma kamusi tatu nzima, na hakuna hata moja inayotaka kuniambia kwa hakika!"

Mwalimu Muriuki alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa mara ya kwanza Nyabate alipata alama zote.